Majivu ya Mekoni Kwako

Ukunda,
Jumapili asubuhi.

Kwako mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeamka vyema na lile goti limepunguza kuuma. Je, mvua imewagusa hapo Kinango, au bado mnafuata maji bwawani? Mimi ni mzima, na safari hii nasema mzima bila kusitasita.

Kaka Mwero alinipigia simu Alhamisi. Aliniambia umesikia nimeacha kazi ya usafi kwenye ile nyumba ya wageni kule Diani, na kwamba unataka nirudi nikamwombe msamaha msimamizi ili anipokee tena. Mama, nakuheshimu, lakini sitakwenda. Nitakueleza yalivyokuwa, moja baada ya jingine, kama nilivyoyaandika kwenye shajara yangu.

Kifua changu unakijua tangu utotoni. Zile dawa kali tulizopewa zilikuwa zikikibana kila siku, kwa sababu vyoo vya pale havina dirisha. Mwezi uliopita wageni walifika mapema, tukahimizwa. Mwenzangu Saumu akamwaga dawa ya madoa juu ya dawa ya choo, zikatoa mvuke wa sumu. Alitoka akitambaa, macho mekundu, hawezi kutamka hata jina lake. Tulimpakia kwenye tuktuk kwenda zahanati, kisha msimamizi akanikabidhi ndoo ile ile nikamalizie.

Nilikataa. Kesho yake nikaja na vyangu: ndimu, magadi, siki, na makumbi ya nazi ya kusugulia. Nikafanya kama ulivyonifunza, kusugua kwanza pakiwa pakavu, maji baadaye tena kidogo. Msimamizi, dada wa kutoka bara, akasimama mlangoni akinusa.

"Nyevu, unaosha choo ama unapika pilau?"

"Naosha choo, dada. Kimetakata, tazama."

"Mgeni akiingia anataka askie harufu ya dawa, si achari! Hizo story za ushago wacha huko Kinango. Shika dawa ama uende."

Nikavua glavu, nikaziweka juu ya sinki, nikaenda. Sikufukuzwa, Mama. Anayesema nilifukuzwa, mwambie aje aniulize mimi.

Sasa mimi na Saumu tunasafisha nyumba za watu hapa Ukunda. Tunalala chumba kimoja, paa linavuja, na wiki nyingine kazi hazipatikani. Wala si kila kitu kimenyooka. Kwa Bi Riziki, mwalimu wa chekechea, nilipitisha ndimu kwenye sakafu yake nyekundu, ikafifia kama leso iliyosahauliwa juani.

"Nyie mmekuja kunisafishia nyumba au kunichubulia?" akafoka.

Saumu akamjibu, "Bi mkubwa, nyumba haijachubuka, imeoga tu." Nusura atumwagie ndoo. Tukapiga magoti, tukaisugua kwa nta na mafuta ya nazi mpaka wekundu ukarudi. Bado anatuita. Mwanawe anatambaa, na kila anachokiokota sakafuni kinaingia kinywani. Ndiyo maana Bi Riziki hazitaki tena dawa zile nyumbani mwake.

Kinachotukwamisha ni majivu. Masufuria yenye masizi hayatakati vizuri bila majivu, nasi huku majirani wote wanapikia gesi. Saumu alikwenda kwa wakaanga samaki, akapewa majivu yenye vipande vya mkaa na misumari ya mbao za masanduku. Yanakwaruza kila kitu.

Kwa hiyo, Mama, msamaha sina wa kumwomba mtu. Majivu ndiyo naomba. Yachekeche kwa ule ungo wako mkuukuu, uyatie kwenye gunia, umpe Mwero akija huku kuuza mbuzi. Akiona haya kubeba majivu mbele za watu, na aseme ni unga. Gunia likifika, nitajua umenielewa. Lisipofika, nitaumia, lakini kule Diani sirudi.

Nisalimie Babu, umwambie sasa naweza kumwimbia wimbo mzima bila kukohoa. Msalimie shangazi msusi wa mikeka, na mke wa Mwero, aniwekee makumbi asiyachome. Saumu anakuamkia pia, kwa sauti yake mwenyewe, imesharudi.

Ni mimi bintiyo, ninayepumua,

Nyevu