Sikio la Achuka

Lotukoi, acha kila kitu usome hii. Achuka yuko hapa kwangu sasa hivi, amekuja mbio.

Unajua Akai, mke wake, aliacha dawa za presha tangu yule nabii mgeni apige hema hapa Bulla Pesa. Eti amepona! Nabii alimtajia ugonjwa kabla hajafungua mdomo.

Achuka akashuku. Pale mlangoni kuna mama wa maombi, na kila mgonjwa humnong'oneza shida yake kabla ya ibada. Leo Achuka akamnong'oneza uongo: sikio la kushoto halisikii.

Ibada ikaanza. Nabii akafumba macho. "Naona mwanaume. Sikio la kushoto!"

Sikio la kushoto, Lotukoi! Achuka huyu anayesikia mbuzi akikohoa kule mbali Gotu!

Wakamsukuma mbele. Nabii akampulizia sikio, akampa maiki ashuhudie.

Achuka akasema, "Hili sikio linasikia tangu nizaliwe. Nilimdanganya yule mama."

Akai akapiga kelele: "Achuka, umemjaribu Mungu!"

"Sijamjaribu Mungu. Nimemjaribu huyu."

Wakarudi nyumbani. Akai akatafuta dawa mwenyewe, akameza, halafu akamwuliza, "Sasa nani ataniombea?"

Hapo ndipo Achuka alipokimbia kwangu. Hajawahi kuomba kwa sauti, hata kabla ya kula. Ananiuliza mtu huanzaje. Mimi nitajua wapi? Wewe uliimba kwaya. Niambie haraka, Akai anamngoja.