Mukami wa Kithaka, Mama wa Kikosi cha Madebe

Mwaka umekatika, mama yetu Mukami, tangu paa la nyumba ya jirani yako Cicily likuangukie. Wengine huandika kwamba mpendwa wao alilala salama. Wewe hukulala salama, na hatutaandika uongo juu yako.

Ulikuwa mtu wa utani. Hata ulipotoka kuchimba handaki la kuzunguka kijiji, mikono imechubuka, ulimwigiza hedimani, mkuu wa kijiji, anavyotembea na fimbo yake mpaka Nyanya Njoki, mama mkwe wako, akacheka hadi kukohoa. Kithere chako, mahindi na maharagwe, kilizidi chumvi siku zote, na hukutaka kuambiwa.

Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, ilipotutoa mashambani na kutufungia kijijini juu ya mto Thuci, nyumba zilijengwa zikigusana, nyasi kwa nyasi. Wanaume wengi, baba yetu Kithaka akiwamo, walikuwa kizuizini. Moto wa kwanza ulipomaliza safu nzima, hedimani alisema ni uzembe wa wanawake. Wewe ulikwenda nyumba hadi nyumba ukiwaomba kina mama waweke debe la maji na gunia lililoloweshwa mlangoni. Burale, mwenye duka sokoni, alikupa madebe matupu ya mafuta ya taa. Ulikata miti mirefu yenye kulabu ya kung'olea nyasi za paa, ukawafundisha wenzako kupokezana maji kwa mstari. Hedimani alicheka, akawaita jeshi la madebe. Jeshi hilo lilizima moto mara nyingi kuliko tunavyokumbuka, na halikuambiwa asante.

Mchana ule mlikuwa mkichimba matuta nje ya lango mkaona moshi kijijini. Ndani walibaki wazee na watoto. Askari wa lango alisema hakuna kuingia kabla ya filimbi ya kumaliza kazi, ndiyo amri ya hedimani. Waliokuwapo wanasema hukupaza sauti.

"Filimbi italia watoto wameshakuwa majivu," ulimwambia. "Fungua."

Alikupiga begani kwa kitako cha bunduki. Ukashuka handakini, katikati ya miti iliyochongwa ncha, ukapanda upande wa pili damu ikikutoka miguuni, na wenzako nyuma yako. Wao walishika kulabu na madebe, wewe ukaingia nyumbani kwetu. Ulimtoa Nyanya Njoki umembeba mgongoni. Ukarudi motoni, nyumbani kwa Cicily, ambako mtoto wake mchanga alikuwa akilia, ukampitisha kwenye tundu la ukuta hadi mikononi mwa mama yake. Kisha paa likashuka.

Lango lilikuwa bado limefungwa. Tunaandika ili isomwe: moto haukukuua peke yake.

Mwezi uliopita walikuja wageni wa serikali na kamera. Hedimani aliwapanga wenzako mbele ya ndoo mpya nyekundu, akaeleza alivyounda kikosi cha kuzima moto kwa akili yake mwenyewe. Cicily akatoka mstarini, mtoto kiunoni.

"Kikosi hiki ni cha Mukami," alisema. "Huyu mtoto alitolewa motoni na Mukami, wewe ukiwa umefunga lango."

Hedimani aliamuru akachimbe handaki peke yake hadi jua lizame. Cicily alichukua jembe akaenda. Mwanamke mmoja akaweka ndoo yake chini akamfuata, akafuata mwingine, mwishowe wote. Nyanya Njoki, ambaye hata kuinama hawezi, alikwenda akaketi ukingoni na mtoto mapajani. Wageni walibaki na hedimani na ndoo zake. Picha haikupigwa.

Unakumbukwa na mumeo Kithaka, aliyepata habari ya kifo chako akiwa kizuizini na mpaka leo hajaruhusiwa kuja kuliona kaburi. Mama mkwe wako Njoki. Kaka yako Mwongera. Sisi wanao, Virginia na Ishmael. Cicily na mtoto wake, ambaye sasa anatembea. Na wanawake wote wa kikosi chako.

Hatutakusahau maisha yetu yote, mama. Na aliyefunga lango, yeye pia hatutamsahau.