Kompyuta ya Mwanaisha Imekuwa Bubu

Jumatatu, 12 Mei

Assalaam alaykum, daftari langu. U hali gani? Mimi alhamdulillahi, ila mgongo. Tangu asubuhi najibu "hapana" tu. Kerneli, ule moyo unaoiamsha kompyuta, ukiijenga upya huja na maswali maelfu: wataka hiki? Wataka kile? Kompyuta ya dada yangu Mwanaisha ni kuukuu. Ikibeba yote inakwama katikati ya sentensi. Naye haoni, hiyo ndiyo humsomea. Jumamosi kamati ya madrasa hapa Gazi itamsikiliza akifundisha kitabu kipya. Akishindwa, darasa la kina mama atapewa mwalimu wa Ukunda.

Basi nataka kerneli ndogo kabisa. Ipo amri inayotazama vifaa vinavyofanya kazi wakati huo, ikabakisha hivyo tu. Nimeitumia baada ya Alasiri. Orodha imetoka fupi, safi. Nimefurahi kama mjinga.

Jumanne, 13 Mei

Ujenzi wa kerneli umekwisha adhuhuri. Nafasi ilikuwa haitoshi, nikaifuta kerneli ya zamani na faili yake ya mipangilio. Imewaka upesi, mashallah. Nikampelekea. Kimya.

"Kaka, umeniletea bubu," akacheka. "Mimi sioni, yeye hasemi. Nani atamshika mwenzake mkono?"

Nami nikacheka. Nikairudisha kwangu.

Jumatano, 14 Mei

Nimejua. Marehemu baba alitulea hivi: ikiadhiniwa, redio haipunguzwi sauti, hung'olewa kwenye umeme. Juzi adhana ya Alasiri ilipoanza nikazima kompyuta, nikachomoa kile kidude cha pembeni kinachoipa sauti. Niliporudi kutoka msikitini nikaiwasha, nikachukua orodha. Kidude kilibaki mfukoni mwa kanzu. Amri haikukiona, ikakitupa.

Leo nimekichomeka. Kerneli mpya haikitambui, basi hata orodha mpya haikitaji. Ya zamani nimeifuta kwa mkono wangu. Astaghfirullah. Nimefanya adabu kwa Mola, aliyeumia ni dada yangu. Sielewi. Naogopa hata kuuliza.

Ijumaa, 16 Mei

Natafuta swali la kidude kwa mkono, moja moja. Maswali yote Kiingereza, nami niliishia darasa la nane. Nimejibu "ndiyo" kwenye sauti. Kumbe kidude kina swali lake, nalo limejificha chini ya jingine. Nimejenga mara mbili. Bado bubu. Ya tatu, stima ikakatika.

Nikaenda kumsomea mwenyewe. "Kaka, wasoma kama mtu anayekokota gunia!" Kurasa themanini. Tumefika ya ishirini, koo limekauka.

Jumamosi, 17 Mei

Ameshindwa. Alianza vizuri, kina mama wakaitikia. Kisha kamati ikamuuliza ya mbele, ambayo hatukuyafikia.  Mwenyekiti alimshukuru kwa adabu nyingi mno. Miaka kumi na mmoja ya darasa, imekwisha kabla ya Adhuhuri.

Hakunilaumu. Nimeona vibaya zaidi.

Jumatatu, 19 Mei

Sijala. Nimeswali bila moyo. Bado najibu maswali ya kerneli, sijui kwa ajili ya nani.

Jumanne, 20 Mei

Imesema. Saa nne asubuhi. Lilikuwa swali moja tu. Inasoma kitabu chote bila kukwama, mimi peke yangu chumbani. Nimeiacha isome.

Mwanaisha hapokei simu tangu Jumapili. Nimemtumia ujumbe wa sauti, jirani amfungulie. Nauandika na hapa:

Mwanaisha, kompyuta inasema. Sikulazimishi uichukue. Nijibu mapema, ndugu yangu, hata kwa kunisuta.