Vijiko Viwili vya Mayonezi

Kibandani kwa Fundi Viatu,
Nyuma ya Duka la Vioo,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepoa kidogo. Shemeji naye bado anabishana na redio? Sisi huku hatujambo. Mgongo unauma, kawaida ya mtu anayeinamia viatu tangu asubuhi, lakini kula nakula na kulala nalala. Au tuseme nilikuwa nalala, mpaka Ijumaa ya wiki iliyopita.

Mwanao hajambo kabisa, usije ukaanza kulia kabla hujafika mwisho. Kazi ya duka la dawa ameizoea, wakubwa zake wanamsifu, na chumba changu cha mbele amekipanga hadi mimi mwenyewe napotelewa na miwani. Mwenye jambo ni mimi. Ungenipigia simu ningekuzungusha, kwa hiyo nimeona niandike.

Unakumbuka siku aliyofika kwangu akasema, "Mjomba, mimi siku hizi nakula mboga tu"? Nikafurahi, nikaenda kununua kilo ya nyama. Kwetu sisi, chochote cha kulia wali si ndiyo mboga? Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanieleza taratibu: nyama hali, samaki hali, maziwa, mayai, hata asali, chochote kitokacho kwa mnyama. Lile lilikuwa kosa la neno, tukalicheka wote. Hili ninalotaka kukuambia leo si kosa la neno.

Kwanza nikiri kwamba nilikuwa na kinyongo. Nilimshonea viatu vya ngozi laini, kwa mkono, siku tatu nzima. Alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaviweka juu ya kabati, na kesho yake akaenda kazini na raba zake za kitambaa. Hakusema neno baya. Mimi ndiye niliyeanza maneno, kila siku kidogo: mara namuuliza kama mchicha haulii ukikatwa, mara upuuzi mwingine wa namna hiyo. Mtu mzima, na mvi zangu hizi.

Basi Ijumaa ile walikuwa wanamuaga mfamasia wao mkuu anayestaafu, na kila mmoja alitakiwa kuleta chakula. Wenzake walishamtania kwamba yeye ataleta majani. Asubuhi akanishika mkono: "Mjomba, niko zamu mpaka saa nane. Nitengenezee saladi, ya haraka tu, ila isiwe na kitu cha mnyama. Nataka waonje wenyewe." Nikamwambia hilo dogo, niachie.

Na kweli lilikuwa dogo. Nilifunga kibanda saa saba, nikakatakata nyanya, matango, karoti, na kitunguu nilichokiosha kwa chumvi, nikatia maharage yaliyochemshwa jana yake, maparachichi mawili, limau na pilipili manga. Dakika ishirini hazikufika. Nikaonja. Ilikuwa nzuri, Dada, na hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu haikuhitaji kitu. Lakini nikafungua chupa yangu ya mayonezi, ile ninayopaka kwenye mkate, na picha ya yai ipo pale pale kwenye lebo, nikatia vijiko viwili vilivyojaa. Nilijisemea, atajuaje. Parachichi likaficha kila kitu.

Alinipokea mlangoni pa duka la dawa, akalibeba bakuli kama kombe la mpira, akasimama mbele ya watu wote. "Hii katengeneza mjomba wangu, fundi viatu," akasema. "Haina kitu cha mnyama hata kimoja, na kaitengeneza kwa ajili yangu." Watu wakapiga makofi. Mfamasia mkuu akarudia kupakua, akaniuliza, "Fundi, umetia nini humu?" Nikamjibu, limau. Mwanao akala sahani tatu huku namwangalia. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Nilidhani unaniona mtoto. Asante, Mjomba." Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nyumba nzima ni saladi. Ameitengeneza mara nne kwa maelezo yangu ya uongo, na kila ikitoka tofauti anajilaumu mwenyewe: eti limau limepungua, eti parachichi halijaiva. Jana alionja, akaweka kijiko chini, akasema, "Mkono wako mimi sina." Nikatoka nje kujifanya natafuta gundi. Sina uso, Dada. Mtoto uliyenikabidhi nimemlisha asichokitaka, kisha nikakaa kimya nikipokea shukrani zake.

Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, na mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za kazini. Nisamehe wewe kwanza, maana kwake sijui pa kuanzia.

Nisalimie Shemeji, Mama Mdogo, na jirani yako Mzee Kofia; mwambie kama bado hataki kucheka nitakuja mwenyewe kumchekesha. Mungu akupe miguu isiyouma, na wanao awaepushe na wajomba kama mimi.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Fundi

Nimesahau: bahasha sijaifunga. Mwanao ndiye anayepeleka barua zangu posta, na huwa anaongeza salamu zake hapa chini. Nimemwachia nafasi, na nimemwambia leo asome yote kwanza.

Mama, shikamoo. Nimesoma yote, mara mbili. Nimeumia, na leo sitaki kumsamehe. Lakini usimwandikie maneno makali, hayo niachie mimi. Yuko nje, amekuwa akigonga kiatu kimoja tangu nilipoanza kusoma. Sasa ameacha kugonga. Nadhani anasikiliza.