Asubuhi Ile Sikukuaga

Biryogo, Kigali
14 Machi 1992

Mume wangu Usumani,

Pokea salamu zangu huko Tabora, pamoja na za mama yako, ambaye goti lake limepata nafuu. Nashona bado, ila vitambaa vya Kampala haviji tena kwa sababu ya vita.

Juma lililopita nilikwenda zahanati kwa ajili ya kichwa changu. Daktari Mukabalisa hakunipima damu wala macho. Aliniuliza maswali tu, kwa muda mrefu.

"Kinauma upande mmoja?"

"Ndiyo. Kwanza naona vimulimuli, kisha natapika. Hata sauti ya mtu inaniumiza."

"Hicho ni kipandauso, mama. Ni ugonjwa wa kweli. Meza aspirini mara vimulimuli vinapoanza, usingoje."

Akasema Ulaya wamepata dawa mpya, lakini hapa haijafika.

Nililia pale pale. Asubuhi uliyosafiri ulisimama mlangoni ukaita, "Raihana, umenikasirikia?" Nilikusikia. Nilikuwa nimelala gizani na kitambaa usoni, na ningefungua mdomo ningetapika. Nikasikia viatu vyako vikiondoka. Sikukueleza baadaye, kwa sababu watu wote walisema najifanya, nami niliogopa nawe utasema hivyo hivyo.

Sikukasirika, Usumani. Hamu yako haijaniacha tangu siku ile.

Barua zako mbili za mwisho umeniandikia "Dada Raihana." Ukinijibu hii, niite mke wangu.

Ni mimi,
Raihana