Toa Pasi Hiyo Nje, Mama Mghoi

Mama Mghoi wangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku ughaibuni, kwenye dobi ya hoteli, penye joto la mashine ndani na baridi ya jangwa nje. Hujambo? Mghoi hajambo? Ananyonya vizuri? Hilo la kunyonya nakuuliza kwa dhati, si kujaza karatasi, kwa hiyo usiliruke. Na mama, magoti yake yanaendeleaje? Mimi nakula na kazini naenda, lakini nina hofu ambayo haijaniacha tangu tulipoongea Jumapili.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Nakujua. Kwenye simu ukiniambia "sawa" unamaanisha ninyamaze, na mtandao wa Makwasinyi ukikatika unashukuru. Karatasi haikatiki. Shabani wa Taveta, tunayefanya kazi naye hapa hotelini, anakuja nyumbani likizo. Atamwachia kaka yako Voi barua hii pamoja na mzigo, akuletee.

Ngoja nikwambie kilichotupata, maana kwenye simu hukunipa nafasi. Ijumaa ile tulikuwa na mapumziko, na kulikuwa na upepo wa vumbi na baridi ya kukata masikio. Raju, Mnepali ninayelala naye chumba kimoja, ana jiko dogo la makaa. Mchana tulichoma nyama hapo mlangoni, tukala, tukacheka. Vumbi lilipozidi tukaliingiza jiko ndani tuote moto, tukafunga mlango, na dirisha tukaliziba kwa taulo. Moshi haukuwepo hata kidogo. Makaa yalikuwa yameiva mekundu, mazuri kabisa.

Kichwa kikaanza kuniuma hapa kwenye paji. Nikasema ni uchovu wa wiki. Raju akalala. Nikataka kuinuka ninywe maji, miguu ikakataa. Mama Mghoi, niliuona mlango na sikuweza kuufikia. Nilitaka kumwita Raju na mdomo haukufunguka. Shabani alikuja kuomba chumvi, akatukuta, akatuburuta nje huku anapiga kelele. Mimi nilitapika nikapona. Raju alipelekwa hospitali, na ingawa ameamka, mpaka leo anasahau majina yetu. Daktari alitwambia makaa hutoa sumu isiyo na harufu, na anayeivuta hajui kama anakufa, anasikia usingizi tu.

Sasa, siku mbili baadaye nakupigia, nawe unaniambia, tena kwa furaha, "Mimi niko poa, ni kichwa tu kinaniuma jioni jioni. Na huyu mtoto wako siku hizi ni mpole! Analala mpaka namwamsha anyonye."

Nikakuuliza jioni huwa unafanya nini.

"Si napiga nepi pasi."

Na mlango?

"Nimefunga. Ndovu wako kwa mahindi ya jirani. Ama unataka niwaachie wazi waingie wanisalimie?"

Simu ikaniponyoka. Nilipoiokota nikakueleza, ukacheka. Ukasema, "Wee baba Mghoi, hiyo pasi ni ya mamako. Imepiga nguo zako zote ukiwa mdogo, na mbona hukufa?"

Ni kweli sikufa. Lakini mama alikuwa na nyumba ya udongo yenye nyufa za kupitisha mkono. Wewe uko kwenye nyumba ya mawe, madirisha ya kioo, mlango wa chuma tuliouweka kwa sababu ya hao hao ndovu. Tuliijenga isipitishe hata vumbi, na haipitishi. Unaingiza pasi imejaa makaa, unafunga, na Mghoi amelala kitandani hatua chache kutoka hapo. Huo si upole, mke wangu. Naogopa kuandika ni nini.

Sisemi nepi zisipigwe pasi. Najua yule inzi anavyotaga kwenye nguo zilizoanikwa, na mtoto akivishwa bila pasi anaota majipu yenye funza. Ndiyo maana nilienda dukani kukutafutia pasi nyingine, nikamburuta na Shabani. Ile ya mvuke uliyoipenda kwenye picha niliishika, ni nyepesi na inateleza vizuri. Lakini nimeshazifungua pasi za namna hiyo hapa kazini zikiwa zimeziba, na maji ya kwetu yalivyo na chumvi, hiyo yako ingeziba kabla hujaizoea. Tena ingekula umeme gani? Stima haijafika upande wetu, na sola yetu ni ya taa na simu. Unamkumbuka mwalimu aliyechomeka pasi kwenye sola yake, akashinda wiki nzima anakula gizani? Nikatazama ile ya kawaida ya umeme, nayo ni hayo hayo. Muuzaji akaniuliza, "Nyumba yako ina nini?" Nikairudisha rafuni.

Basi pasi ya nyumba yetu bado ni ile ile ya mama. Itumie nje. Mchana, chini ya paa la jikoni, kukiwa na mwanga na ndovu wako mbali. Ukimaliza, mwaga makaa huko huko nje na pasi ilale huko. Usiniambie itaibiwa. Mwizi akiitaka, aichukue. Kwa fedha ya pasi nimekununulia nepi, mzigo mzima, ili siku ya mvua zisipokauka usilazimike kuzikausha jioni kwa pasi. Zirundike zisubiri jua.

Na ikitokea zimekwisha zote, na giza limeingia na ndovu wako uani, mvalishe mtoto nepi isiyopigwa pasi. Ndiyo, nimesema. Akipata funza tutapaka mafuta juu ya jipu, funza akose pumzi, atatoka. Mghoi atalia usiku mzima na wewe utanilaani. Nilaani.

Nisalimie mama, umwambie pasi yake siitukani, naogopa nyumba tu. Mshukuru kaka yako kwa kunibebea mzigo, na umsalimie baba yako mdogo anayekuchungia mbuzi. Yule jirani mwenye mahindi mpe pole, na umwombe awe anakupigia kelele ndovu wakionekana, upate kumaliza kazi mapema. Raju pia anakusalimu. Nimemwandikia jina lako kwenye mkono asilisahau.

Mke wangu, nikiwa kazini nashika pasi nakuona umejikunja sakafuni na mlango umefungwa, na hakuna mtu wa kuja kuomba chumvi. Siwezi kuufungua mlango huo kutoka huku. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, hata kabla hujafungua mzigo, panda pale penye mtandao unipigie, na Mghoi uje naye. Usinieleze kitu. Mwekee simu mdomoni nimsikie akilia. Kama amelala, mwamshe.

Mumeo anayekuogopea,
Mwadime