Kwetu Hakuna Aibu

Bontoc, 3 Machi 1958

Mkwe mwenzangu Felicidad,

U hali gani, na kifua chako? Mimi mzima, ila goti. Anayeniandikia ni muuguzi wa zahanati. Nimemwambia aandike ninavyosema, na akitaka kucheka aweke kalamu kwanza.

Nasikia unawaambia majirani kwamba binti yangu Kintay ana miaka miwili kwa mwanao na tumbo ni lile lile. Nisikilize. Kasoro si yake. Kabla ya Crisanto, akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, akilala nyumba ya wanawake wasioolewa kama tulivyolala sisi sote, alikuwa anajiwa na kijana wa hapa, Fanao, na akashika mimba. Ikaharibika, Fanao akaenda zake, na mama yake mpaka leo tunavuna pamoja, ingawa yule mama anavuna kama anachana nywele. Kwetu hakuna aibu. Watu wanajaribiana, mimba ikikaa tunachinja nguruwe, hiyo ndiyo ndoa.

Kilichonitia kichefuchefu mimi ni mwanao. Alipokuja hapa alimbusu mkewe mdomoni, mchana, mbele ya baba yangu mdogo. Mdomo huo huo wa kulia wali. Mzee hakula siku ile. Nikasema haya, ndivyo walivyo watu wa bondeni, sisi wa milimani tuwavumilie.

Nitunzie mwanangu.

Mama Kintay

Malolos, 20 Machi 1958

Mkwe mwenzangu,

Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Barua yako ilisomwa mezani, Crisanto akisikia, Kintay akipakua supu. Kumbe huyo ndiye tuliyemvisha shela kama bikira. Kwetu mwanamke ana mwanamume mmoja mpaka kaburini, na talaka hakuna. Huko mnaishi kama wanyama. Sasa Kintay analala jikoni.

Mama Crisanto

Bontoc, 11 Aprili 1958

Mkwe mwenzangu,

Kifua je? Goti langu limevimba, nimelikanda kwa tangawizi, wapi.

Jikoni? Kwani kaiba nini? Mimi nilikuwa namsifia. Hapa ukisema binti yako aliwahi kushika mimba, watu wanakusogezea kigoda. Na mnyama gani anayeulizwa kwanza? Kwenye nyumba ile ya wasioolewa mwanamke akisema sitaki, mwanamume anatoka, na kesho shambani wanamcheka mpaka anaficha uso. Wewe usiku wa harusi yako uliulizwa na nani?

Kama hamumtaki, mrudisheni.

Mama Kintay

Bontoc, 2 Agosti 1958

Mkwe mwenzangu,

Natumaini kifua kimepoa. Goti tuliache.

Kintay alifika na mvua ya kwanza, mwembamba kama mpini wa jembe. Sasa tumbo limetokeza. Ni la Crisanto. Mimba ilikuwemo tayari ulipokuwa unamlaza jikoni, mwenyewe akiwa hajui. Basi mambo yamekaa sawa, mimba ndiyo hii. Nguruwe yupo, mnono. Crisanto aje achinje. Akitaka ambusu mdomoni, mimi nitatazama mlimani.

Nilimwambia Kintay, huyo asipokuja, Fanao kafiwa na mkewe, atamlea huyu mtoto bila neno. Akaniangalia, akasema, "Mama, mimi nina mume. Mimi si mnyama kama nyinyi." Neno hilo kalitoa mezani kwako. Analala peke yake, mlango kaukomea, na kila basi likipiga honi barabarani anatoka kuangalia.

Mwambie mwanao aje. Nakuomba. Sijawahi kuomba mtu wa bondeni.

Mama Kintay

Malolos, 19 Agosti 1958

Bibi Akunay, mama yake Kintay,

Natumaini u mzima.

Crisanto haji. Mwenye mimba hiyo ni nani, sisi hatuwezi kujua, maana uliandika mwenyewe jinsi wanaume wanavyoingia na kutoka katika nyumba zenu. Talaka hakuna, kwa hiyo Kintay ataendelea kuitwa mke wa mwanangu mpaka afe. Mtoto asipewe jina letu.

Wala usihuzunike. Kwenu hakuna aibu.

Felicidad Tuazon